Richard Thornton, Kijana Aliyeupima Mlima Kilimanjaro

Maandishi ya somo la redio kwa vikundi vya elimu ya watu wazima

  Nawasalimu ninyi mlio katika vikundi vya Moshi mjini, na ninyi mlio juu migombani, Kilema, Marangu, Machame, Kibosho na Rombo, na ninyi wa tambarare, Kahe na Himo. Viongozi wa vikundi, tazameni kama kila mtu asikia vizuri. Aliye nyuma na asogee mbele.

Juma lililopita niliwaomba kila kikundi kilete jiwe. Nilisema jiwe lolote, la mtoni au la ukingo wa barabara, mradi limetoka katika ardhi yenu wenyewe. Natumaini liko mezani. Liacheni hapo kwanza, tutalirudia baadaye.

Leo nataka kuwasimulia habari za mtu aliyefika katika nchi hii mwaka 1861, akiwa na umri wa miaka 23. Hakuja kununua pembe, wala hakuja kuhubiri dini. Alikuja na nyundo ndogo, dira na chombo cha kupimia pembe. Kazi yake ilikuwa kuokota mawe na kuandika. Jina lake Richard Thornton. Watu wengi wamepata kusikia habari za Rebmann na za Hans Meyer, lakini jina la Thornton halisikiki sana. Hata hivyo ni yeye aliyeutazama mlima wetu kwa macho ya elimu ya miamba, akasema kwamba umezaliwa na moto. Tena miaka miwili tu kabla ya hapo alikuwa amefukuzwa kazi, akaambiwa kwamba ni mvivu.

UBISHI WA THELUJI

Ili tuielewe kazi yake, yatupasa kwanza kuujua ubishi uliokuwako.

Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann, Mjerumani aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima huu. Alisafiri pamoja na wapagazi na kiongozi wa safari, jina lake Bwana Kheri. Rebmann aliona kitu cheupe juu ya kilele. Alipomwuliza kiongozi wake ni kitu gani, alijibiwa kwamba ni baridi. Lilikuwa jibu zuri. Mtu wa pwani hakuwa na haja ya neno la theluji, lakini alijua kwamba kitu kile chaleta baridi.

Habari za Rebmann zilichapishwa London mwaka 1849, na hapo maneno yakaanza. Alikuwako bwana mmoja, W. D. Cooley, aliyesifiwa kwa kujua vitabu vyote vilivyoandikwa juu ya Afrika, ingawa hakupata kuzikanyaga nchi hizi. Yeye alikataa katakata. Theluji karibu na ikweta, mahali penye jua kali namna hii? Haiwezekani. Mmisionari ameona vibaya.

Lakini huku mlimani shauri hilo lilikwisha zamani. Rebmann mwenyewe aliandika kwamba alisimuliwa habari za watu waliotumwa kupanda juu, wakidhani kwamba ile nyeupe ni fedha. Walipoiteremsha chini, wakakuta maji. Sasa angalieni jambo hili. Wale watu hawakukaa wakabishana. Walikwenda, wakakitwaa kitu chenyewe, wakaona chageuka nini. Katika elimu ya sayansi hilo ndilo liitwalo jaribio. Wachagga waliifanya kazi ya sayansi, na mtaalamu wa London alikuwa akifanya kazi ya kubisha.

Hata hivyo maswali mawili yalibaki. Je, mlima huu ni mrefu kiasi cha kuweza kushika theluji? Na je, umefanywa kwa kitu gani? Maswali hayo hayakuweza kujibiwa kwa kutazama kwa mbali tu. Yalitaka mtu aliyefundishwa kupima na kuyasoma mawe.

KIJANA WA YORKSHIRE

Richard Thornton alizaliwa tarehe 5 Aprili 1838 katika kijiji cha Cottingley, karibu na mji wa Bradford, katika jimbo la Yorkshire, Uingereza. Siku zile Malkia Victoria alikuwa ameanza kutawala. Uingereza ilikuwa ikijenga reli na viwanda vya nguo, na mashine zile zilikula makaa ya mawe mchana na usiku. Kwa hiyo mtu aliyeweza kuutazama mlima na kusema, “Chimbeni hapa, msichimbe pale,” alikuwa mtu wa thamani sana. Elimu hiyo ndiyo jiolojia, yaani elimu ya miamba na ya ardhi.

Thornton alisoma katika chuo cha serikali cha migodi, London. Mkuu wa chuo, Sir Roderick Murchison, alimpenda kwa bidii yake. Mwaka 1858, Dakta David Livingstone alipokuwa akikusanya watu wa safari ya Mto Zambezi, Murchison alimtaja kijana huyu. Basi Thornton akaondoka Liverpool mwezi wa Machi mwaka huo, kabla hajatimiza miaka 20. Alikuwa pamoja na John Kirk, daktari na mjuzi wa mimea, Thomas Baines, mchora picha, Charles Livingstone, nduguye Dakta, na wengineo. Kazi ya Thornton ilikuwa kutafuta makaa ya mawe na madini.

Aliyaona makaa ya mawe karibu na Tete, katika nchi ambayo sasa ni Msumbiji, akayachunguza. Wala haikuwa ndoto. Katika karne hii ya 21 migodi mikubwa ya makaa imefunguliwa Moatize, jirani na Tete.

KUFUKUZWA KAZI

Lakini safari ile haikwenda vizuri. Meli yao ilikuwa mbovu. Mto Zambezi waliodhani ni njia ya kuingilia bara ulizibwa na maporomoko ya Kebrabasa. Watu waliugua homa mara kwa mara, wakagombana. Thornton aliugua sana, na ngozi yake ikajaa vipele vya joto. Siku nyingine alishindwa kufanya kazi. Katikati ya mwaka 1859 Dakta Livingstone alimwondoa kazini, akimshitaki kwa uvivu. Baines naye aliondolewa mwaka huo, kwa shitaka jingine.

Yatupasa kuwa waadilifu kwa pande zote mbili. Livingstone alikuwa mtu aliyeweza kutembea akiwa na homa, na mtu wa namna hiyo husahau kwamba wengine hawawezi. Naye alikuwa na mzigo mzito, kwani serikali yake ilingojea matunda, na matunda hayakuonekana. Tena siku zile hakuna aliyejua kwamba malaria huletwa na mbu. Jambo hilo lilianza kuthibitishwa na Ronald Ross mwaka 1897. Mtu mwenye malaria ya mara kwa mara damu yake hupungua, akawa mchovu, akasinzia mchana. Kwa asiyejua, uchovu huo hufanana na uvivu kama pacha na pacha.

Wasikilizaji, hapa nawaomba radhi niseme neno langu mwenyewe. Kabla sijawa afisa elimu nilikuwa mwalimu. Siku moja, katika ripoti ya mwisho wa muhula, niliandika juu ya mtoto mmoja neno hilo hilo, “mvivu”. Alikuwa akisinzia darasani kila siku. Muhula uliofuata hakurudi. Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba mama yake alikuwa mgonjwa kitandani, na mtoto yule alikuwa akiamka usiku wa manane kuchota maji, kukata majani ya ng’ombe na kupika uji, kisha ndipo aje shule. Ningaliuliza swali moja tu ningalijua. Sikuuliza. Neno nililoliandika lilikuwa fupi, lakini sijui lilimfunga njia ngapi. Najua wako kati yenu wanaonisikiliza leo waliopewa jina kama hilo utotoni, nao wamerudi kusoma wakiwa watu wazima. Kwa ajili yenu nimeichagua habari hii.

Sasa tazameni alivyofanya Thornton. Angaliweza kurudi kwao. Hakurudi. Alipopata nafuu alifuatana na wafanyabiashara wa Kireno, akapanda Mto Zambezi hata Zumbo, akipima na kuandika bila ya bwana wa kumwamuru. Mtu mvivu hafanyi kazi asiyoamriwa. Kisha mwaka 1861 akafika Unguja.

SAFARI YA KILIMANJARO

Huko Unguja alikutana na tajiri mmoja Mjerumani, Baron Karl Klaus von der Decken, aliyetaka kuuona mlima wa Rebmann na kuumaliza ubishi. Baron alikuwa na fedha na nguvu, lakini alihitaji mtu wa kupima na mjuzi wa mawe. Wakapatana.

Waliondoka Mombasa mwishoni mwa mwezi wa Juni 1861. Nanyi mnaijua nyika ile, maji ni haba na miiba ni mingi. Vyombo vya kupimia ni vitu vya kioo na shaba, na kila kimoja kilibebwa na mtu. Majina ya wapagazi wale hayasimuliwi katika vitabu, lakini kama mmoja wao angalijikwaa na mzigo wake, hesabu za mlima zingalivunjika jangwani. Tukitaja kazi ya Thornton, tuwakumbuke nao.

Njiani Thornton alivunja mawe. Katika vilima vya Taita mawe ni ya kale sana. Yaliiva chini ya ardhi kwa joto na kwa kubanwa, na mara nyingi hung’aa kwa ulanga. Milima ya Pare na Usambara nayo ni ya ukoo huo. Walipopita Ziwa Jipe na kuufikia mlima wetu, mawe yakabadilika. Ulanga ukatoweka. Mawe yakawa meusi au ya kijivujivu, na mengine yamejaa matundu.

Mwezi wa Agosti walijaribu kupanda juu. Mvua na ukungu viliwazuia, wakafika futi 8,200 hivi, yaani meta 2,500. Mahali pa urefu huo bado ni ndani ya msitu. Kwa mtu anayetafuta sifa ya kufika kileleni, hiyo ilikuwa hasara. Kwa Thornton haikuwa hasara kubwa, kwa sababu mawe ya kileleni huteremshwa na mito mpaka chini, na urefu wa mlima waweza kupimwa hata na mtu aliyesimama bondeni.

JIWE LILILO MEZANI

Sasa, viongozi, litwaeni jiwe lenu. Lipitisheni mkono kwa mkono huku nikisema.

Kwanza, je, lina matundu madogo? Mkate uliotiwa hamira ukiukata utaona matundu ndani. Yaliachwa na hewa iliyotaka kutoka wakati unga ulipokuwa ukivimba. Jiwe lenye matundu ni hivyo hivyo. Lilipokuwa uji wa moto lilikuwa na hewa ndani yake. Likapoa upesi, na njia za hewa zikabaki. Uji huo wa mawe huitwa lava, na mlima unaoutapika huitwa volkeno.

Pili, je, ndani ya jiwe mwaona vipande vyeupe vyenye pembe? Vipande hivyo huitwa fuwele. Katika baadhi ya mawe yaliyotoka Kibo, fuwele zina umbo la uru wa karata. Simsemi Uru wa huku mlimani, nasema uru wa wacheza karata! Fuwele kubwa hukua polepole wakati lava bado iko chini ya ardhi na moto wake wapungua taratibu. Basi jiwe lenye fuwele laonyesha kwamba lilikaa chini muda mrefu kabla ya kutapikwa.

Tatu, mkienda penye ukingo uliokatwa na mto au barabara, tazameni matabaka. Mtaona pengine jiwe gumu, juu yake udongo laini wa majivu, kisha jiwe tena. Kila tabaka ni siku moja ya hasira ya mlima.

Kwa ushahidi wa namna hii Thornton alikata shauri kwamba Kilimanjaro ni volkeno. Wataalamu waliomfuata wameongeza mengi. Sasa twajua kwamba mlima huu ni volkeno tatu zilizoungana, Shira, Mawenzi na Kibo. Ulianza kujengeka yapata miaka milioni mbili na nusu iliyopita. Shira ndiyo ya kwanza kuzimika, nayo ikabomoka ikawa uwanda. Mawenzi ikafuata. Kibo ni mdogo wao, na ndani ya kreta yake mpaka leo hutoka mvuke wenye harufu ya kiberiti.

Wazee wetu wana hadithi yao, nanyi mnaijua. Mawenzi alikuwa mvivu wa kutunza moto, kila mara akaenda kwa Kibo kuomba kaa la moto, hata Kibo akachoka akampiga, ndiyo maana Mawenzi ana mapengo. Mjuzi wa miamba hasemi hivyo. Yeye husema Mawenzi ina mapengo kwa sababu moto wake ulizimika mapema, na mvua na baridi zimeitafuna kwa muda mrefu zaidi. Lakini katika mambo mawili hadithi na sayansi zapatana. Kwamba milima hii ilikuwa na moto, na kwamba moto wa Mawenzi ulizimika kwanza. Wazee walikuwa na macho.

Tena jambo hili si la vitabuni tu. Udongo wa majivu ya volkeno ndio unaolisha migomba na kahawa. Mawe yenye matundu na nyufa hunywa mvua ya msituni, na maji hayo huteremka chini kwa chini, kisha hububujika katika chemchemi za tambarare na kuingia mito ya Kikuletwa na Ruvu, ambayo huzaa Mto Pangani. Ukilima, ukanywesha ng’ombe, ukafungua mfongo, unakula matunda ya moto ule wa zamani.

KUUPIMA MLIMA BILA KUUPANDA

Labda mtu atauliza, “Mtu aliyesimama Taveta aliujuaje urefu wa Kibo?” Nitaeleza kwa maneno machache.

Chukueni uwanja wa mpira. Simameni kwenye kona moja, mkitazama mti mrefu ulio mbali. Sasa nendeni kona ya pili, mtazame mti ule ule. Mtaona kwamba imewapasa kugeuza uso kidogo. Kama mwajua umbali wa kona kwa kona, na mkapima pembe ambayo uso umegeuka katika kila kona, basi mna pembetatu. Mwajua upande mmoja na pembe mbili, na hesabu zitawaambia pande zilizobaki. Hivyo mwajua umbali wa mti bila kuufikia. Kisha mpime pembe ya kuinua macho kutoka usawa wa nchi mpaka ncha ya mti. Ukijua umbali na ukajua pembe ya kuinua macho, urefu umepatikana.

Thornton alifanya hivyo kutoka vituo vingi. Tena alitakiwa kungoja, maana Kibo hujifunika mawingu, nanyi mwajua tabia yake. Anayetaka kukiona vizuri huamka alfajiri. Hesabu zake zilionyesha kwamba urefu wa Kibo ni karibu futi 20,000 juu ya usawa wa bahari. Hesabu inayotumika sana siku hizi ni meta 5,895, yaani futi 19,341 hivi. Kwa kijana mwenye homa, katika nchi isiyokuwa na ramani, hakupotea mbali.

Sasa tumjibu Bwana Cooley kwa hesabu ya darasani. Mtu akipanda meta 1,000 kwenda juu, joto hupungua yapata digrii 6. Kutoka Moshi mjini mpaka kilele cha Kibo ni meta 5,000 hivi. Tano mara sita ni thelathini. Ikiwa Moshi leo ni digrii 24, kileleni ni digrii 6 chini ya kiwango cha maji kuganda. Basi theluji haishindwi na ikweta. Theluji hutazama urefu wa mlima. Hiyo ndiyo kazi ya kipimo kimoja kilichofanywa vizuri. Hata hivyo Cooley aliendelea kubisha. Wako watu ambao hata ukiwapa kipimo hawakipokei.

Von der Decken alirudi mwaka 1862 pamoja na Otto Kersten, wakafika meta 4,300 hivi. Mwaka 1864 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtunukia nishani ya dhahabu. Kilele chenyewe kilifikiwa na Hans Meyer na Ludwig Purtscheller mwezi wa Oktoba 1889, na hapa kwetu Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu anakumbukwa kwa kuwaongoza.

Barafu ile iliyobishaniwa nayo imepimwa. Mwaka 1912 ilifunika kilometa za mraba 12 hivi. Mwaka 2011 zilikuwa zimebaki pungufu ya 2. Wajukuu wetu huenda wakatusikia tukisimulia theluji ya Kibo, wakadhani tumeona vibaya kama Rebmann alivyodhaniwa. Tutawaonyesha vipimo.

SAFARI YA MWISHO

Thornton hakuwako siku ya nishani. Baada ya Kilimanjaro alirudi kusini, akakutana tena na Dakta Livingstone. Wale wawili wakasameheana. Livingstone akampokea tena, akamwacha afanye kazi yake ya kupima katika bonde la Mto Shire, nchi ambayo sasa ni Malawi.

Mwaka 1863 njaa ilikuwa kali katika bonde lile. Vita na biashara ya watumwa vilikuwa vimeharibu mashamba, na ukame ukaongeza. Wamisionari wa Kiingereza waliokuwa huko, ambao Askofu wao Mackenzie alikufa tarehe 31 Januari 1862, walikuwa wagonjwa na hawana nyama. Thornton alijitolea kwenda Tete kwa miguu kuwanunulia kondoo na mbuzi. Haikuwa kazi ya mjuzi wa miamba, wala hakuna aliyemwamuru. Alikwenda, akarudi na wanyama. Lakini mwili wake ulikuwa umekwisha. Homa na kuhara damu vilimshika, akafa tarehe 21 Aprili 1863. Alikuwa ametimiza miaka 25 siku 16 tu nyuma. Akazikwa chini ya mti mkubwa ukingoni mwa Mto Shire, karibu na maporomoko ambayo Livingstone aliyaita kwa jina la Murchison, yule mwalimu aliyempenda.

Livingstone aliisimulia safari hiyo ya mbuzi katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1865, naye alimsifu. Mwaka huo huo maelezo ya Thornton juu ya Kilimanjaro yalichapwa London. Wale wamisionari nao walihamia Unguja mwaka 1864, na kazi yao ya shule na ya kuchapa vitabu vya Kiswahili sote tumepata kuila matunda yake. Madaftari ya Thornton ya Zambezi yalingoja mpaka mwaka 1963, miaka 100 baada ya kifo chake, ndipo yalipochapwa kuwa kitabu. Hapo kila mtu aliweza kujisomea jinsi “mvivu” yule alivyokuwa akiandika siku baada ya siku.

Wasikilizaji, mlima huu ulisemwa mengi na watu ambao hawakuukaribia. Mtu huyu naye alihukumiwa na mtu aliyekuwa karibu naye sana lakini hakumchunguza. Makosa hayo mawili ni ndugu. Kabla ya kusema jiwe ni la namna gani, livunje ulitazame ndani. Na kabla ya kumwita mtu mvivu, mwulize usiku amelalaje.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

1. Wale waliokwenda kuichukua “fedha” ya Kibo walifanya jaribio gani? Tajeni jambo moja la shambani au la nyumbani ambalo mmelijua kwa kulijaribu wenyewe.

2. Jiwe lenu lina matundu, au fuwele, au ulanga? Laonyesha kwamba limetoka wapi?

3. Hesabu: ikiwa Moshi ni digrii 27, na mahali fulani msituni ni meta 2,000 juu ya Moshi, joto la hapo ni digrii ngapi?

4. Je, yuko mtu kijijini aliyepewa jina baya bila kuulizwa habari zake? Msimtaje jina. Zungumzeni tu: ni swali gani lingaliweza kuulizwa kwanza?

Kazi ya juma: kila mmoja aamke alfajiri siku tatu, akitazame Kibo kutoka kwake, aandike saa ambayo mawingu yalikifunika. Andikeni kwa kalamu, siyo kwa kukumbuka. Tukikutana tena tutazilinganisha saa za Rombo na za Machame, tuone kama mlima una siri gani nyingine. Wanaokwenda kutazama mawe mtoni wasiingie majini wakati wa mvua za masika.